Shati la Aramo

Mchana ule Yabona alikuwa akikuna muhogo nje ya nyumba ya mama mkwe wake, kichanga chake kimelala ndani kwenye kitanda cha kamba. Alikuwa mke wa kaka yake bibi yangu, kwa hiyo haya sikuyaokota njiani, niliyasikia nyumbani. Ilikuwa siku kama siku nyingine: jua, inzi, na harufu ya Gaspar.

Gaspar ndiye Mhispania aliyeachwa kijijini kutusimamia pale wanaume wetu walipopelekwa mto wa mbali kuchenjua dhahabu. Mtu yule haogi. Maji yalikuwepo, mto ulipita palepale mlangoni pake, lakini aliamini maji humwingizia mtu maradhi. Anakula nyama ya nguruwe iliyochacha, mafuta yanamtiririka ndevuni, anayapangusa kwa mkono wa shati, kisha analala na shati hilohilo mpaka chawa wanatembea kwenye kola mchana kweupe. Na huyo ndiye aliyetukataza kuoga kila siku, akatuamuru na sisi tuvae mashati. Eti miili yetu inamtia kinyaa!

"Mtu anayeficha tumbo lake mwaka mzima ana nini?" mama mkwe, Baigua, alinong'ona siku moja. "Hivi hawa wana vitovu kweli?"

Wanawake walicheka, ila kicheko kilikufa upesi. Kwetu aliyekufa hurudi giza likianza kuingia, akachuma mapera, akala. Huja na uso wake, sauti yake, hata kovu lake la utotoni. Kitovu tu ndicho asicho nacho. Ndiyo maana ukikutana na mtu jioni unampapasa tumbo kwanza, salamu baadaye.

Mashati ya wanaume Yabona aliyashona mwenyewe, Gaspar amemsimamia kichwani. La mumewe, Aramo, alilifunga kiunoni kwa kamba nyekundu. Aramo akaondoka nalo, mtoto akiwa bado tumboni.

Jioni hiyo Aramo alirudi.

Alikuwa amesimama chini ya mpera, amekonda, shati limegandamana na tope. Yabona alimkimbilia, kisha akasita kabla ya kumfikia. Shati lilinuka. Lilinuka jasho la zamani, na chini ya jasho kulikuwa na kitu kilichooza. Akajiambia: ni uchafu wa Wahispania huo, wamemwambukiza mume wangu. Kwa miaka ile tulikuwa tumeizoea mno harufu yao.

"Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja."

Yabona alipeleka mkono tumboni kwa mumewe.

"Wewe!" Gaspar alifoka kutoka mlangoni pake, mdomo umejaa nyama. "Mikono chini! Anayevua shati nitamchapa. Hamna haya nyie?"

Mkono ukarudi.

Ndani, Baigua alilia kwa furaha, akamwekea mwanawe mkate wa muhogo. Aramo aliusukuma pembeni. Akaingiza mkono kifuani mwa shati, akatoa pera lililoiva hadi kulegea. Funza walikuwa wakicheza ndani yake. Akala. Funza mmoja alibaki kwenye mdomo wa chini, akamvuta kwa ulimi.

"Nipe mwanangu," Aramo alinong'ona.

"Ngoja kwanza. Nikuguse tumbo."

"Yabona!" Baigua aliruka. "Mtoto wangu kachoshwa na kazi, hata hajapumzika, wewe unataka kumpapasa kama mzimu? Hebu niondolee nuksi!"

"Mama, harufu hii..."

"Ni shati la Wahispania hilo! Kwani umewajua leo?"

Baigua akamnyakua mtoto kitandani, akamweka mapajani mwa mwanawe.

Aramo hakumbusu. Hakumtazama usoni. Aliweka kidole gumba kwenye kitovu cha mtoto. Akakandamiza.

Mtoto hakulia. Inzi walinyamaza. Kidole kilizunguka, taratibu, kama mtu anayesawazisha udongo wa chungu.

Yabona aliirukia kamba nyekundu. Akaivuta. Shati likafunguka.

Ngozi. Laini. Kutoka kifuani mpaka kinenani, hakuna kitu.

Alipiga yowe, akampokonya mtoto. Alipogeuka, kwenye mkeka palikuwa na shati peke yake. Baigua aliliinua, na ndani yake yakamwagika mapera yaliyotafunwa, uji wenye funza, ukamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Alitapika palepale.

Asubuhi wanaume wawili walifika kutoka mto wa dhahabu. Walisema kingo ya mto ilimwangukia Aramo siku nyingi zilizopita, na kwamba msimamizi wa kule hakuwaruhusu kuacha kazi wamzike.

Yabona hakungoja wamalize. Alimbeba mtoto hadi mtoni, nyuma ya matete, Gaspar asione. Mtoto alicheka, akazivuta nywele za mama yake. Akamwosha uso. Akamwosha miguu. Akamsugua tumbo. Akalisugua tena, kwa nguvu, akitafuta kwa vidole, mpaka likawa jekundu.

Baigua alikuwa amemfuata. Alisimama mbali, hakuthubutu kusogea.

"Mjukuu wangu mzima?"

Yabona alimfunika mtoto kwa mikono yote miwili.

"Anapumua, mama."

"Sijakuuliza hilo."

Yabona alimgeuzia mgongo. Hakutaka kumwona tena maisha yake yote mwanamke yule aliyemweka mtoto mapajani mwa mzimu.

Siku hiyohiyo alichukua kipande cha pamba, yeye aliyekuwa akiyatemea mate mashati ya Wahispania, akashona shati dogo. Alilishona pande zote lisifunguke, kiunoni akalifunga kamba mara mbili. Gaspar alipita, akaona, akafurahi kupita kiasi. Akampapasa kichwani kwa mkono wake wenye mafuta.

"Afadhali wewe umestaarabika," akasema.

Yabona aliuvumilia ule mkono. Kisha akamwinua mtoto ampe ziwa. Mtoto alipiga mwayo, na pumzi yake ilinuka mapera, naye tangu azaliwe hakuwahi kuonja kitu ila maziwa.