Aliyesogea Nyuma ya Daphine

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo. Katika picha ya Daphine juu ya mwamba wa Tororo, mtu alikuwa mmoja na vivuli vilikuwa viwili.

Acom aliiona kwa sababu picha ndiyo kazi yake. Wageni humlipa awapandishe mwambani na kuwapiga picha kwa simu yake ya kawaida tu, na picha zake, jamani, zinapendeza! Wala hana uchawi. Hufuta lenzi kwa upindo wa kitenge, huhakikisha jua liko mgongoni kwake, na havuti picha kwa vidole hata siku moja. Akitaka mtu aonekane karibu, humwambia asogee.

Siku ile alimpandisha dada yake Daphine, msusi wa Busia, mji wa mpakani, wakatembee. "Wewe, sogea," alimwambia. "Sogea tena. Hapo!" Bibi yao alikuwa amewaonya tangu utotoni: mlimani humwiti mtu bila kumtaja jina, maana hujui nani ataitika. Acom alilisahau onyo hilo, kama sote tunavyosahau ya bibi tukishashika simu.

Waliporudi nyumbani, kule Busia, Acom akaifungua tena picha. Sasa nyuma ya Daphine alisimama mtu mrefu, rangi yake ya jiwe lililonyeshewa, uso hana. Jioni alikuwa amesogea hatua. Asubuhi mkono wake ulikuwa begani kwa Daphine, na saa hiyohiyo Daphine, aliyekuwa akimsuka mteja, aliangusha kitana akalia kwamba mkono wa kulia umeingiwa na baridi, hauinuki.

"Acom," alinong'ona, "kuna mtu anatembea nyuma yangu. Na hii harufu, wewe husikii?"

Acom aliisikia. Jua lilikuwa kali, bati kavu, na nyumba nzima ilinuka jiwe bichi.

Mama yao, Agwang, alitaka simu itupwe chooni. Mganga waliyemwendea ng'ambo ya mpaka aliitazama ile picha, akairudisha haraka.

"Jini hili halikuvamia. Limeitwa," alisema. "Aliyeliita ndiye atakayelirudisha. Mimi sina ubavu huo."

"Na asipoweza?" Agwang aliuliza kwa sauti ndogo.

"Baridi ikifika moyoni, binti ni wa mwamba."

Agwang akamshika Acom mkono. "Usiende, mwanangu. Litanichukulia wote wawili."

"Mama, nililiita mimi. Nikae hapa nimtazame Daphine akifa? Silipigii magoti jini mimi. Na simu siitupi, nimeinunua kwa jasho langu!"

Alimfunga Daphine kiunoni kwa kitenge, akamvuta ngazi baada ya ngazi mpaka kileleni mwa mwamba, jua likiwa la utosi. Akamsimamisha palepale pa siku ile. Akafuta lenzi.

"Wewe," alisema, "rudi nyuma."

Alipiga. Kwenye kioo lile jitu halikurudi. Badala yake, nyuma ya Daphine ilitoka sauti, na ilikuwa sauti ya Acom mwenyewe: "Sogea. Sogea tena. Hapo."

Hasira ikaushinda woga wa Acom. "Unaniiga? Mwenye kamera hapa ni mimi! Umeniharibia picha, mshenzi wewe! Rudi!"

Akapiga tena, na tena, akipiga kelele "Rudi!" kila alipobonyeza, na ile harufu ikawa nzito hata pumzi ikakataa, na Daphine akapiga ukunga kwamba baridi imeshuka kifuani, na upepo ukavuta kitenge kana kwamba kuna mtu ameshika upande wa pili, lakini Acom hakushusha simu wala hakufumba jicho, na picha baada ya picha lile jitu likawa linarudi, hatua kwa hatua, hadi visigino vyake vikafika ukingoni mwa mwamba.

"Daphine, binti wa Agwang!" aliita. "Sogea!"

Daphine akaja mbio, mikono yote miwili mbele.

Leo Daphine anasuka kama zamani. Acom bado anapandisha wageni, na kila anayemsogeza humwita kwa jina lake. Picha ya mwisho, ile yenye jitu ukingoni, hakuifuta. Anataka ajue linaposimama.

Juzi mgeni mmoja alitoa simu yake mwenyewe, akamwambia mkewe, "Wewe, sogea kidogo!" Mara harufu ya jiwe bichi ikapanda, na kwenye ukingo mtupu changarawe zikaanza kulia, moja, moja, kama zinakanyagwa.

Acom akamziba mgeni mdomo kwa kiganja, akageukia ukingo.

"Si wewe," akasema. "Kaa hapohapo."

Changarawe zikanyamaza.