Jicho la Chupa

Juni ikiingia, pale Mkunya watu humenya muhogo. Asubuhi hiyo Justina alikuwa amekaa mkekani uani, kisu mkononi. Makopa meupe ya muhogo yalikuwa yameanikwa juu ya uchanja. Mumewe, Yeremia, alikuwa anapiga viatu kiwi.

"Baba Oscar, leo siku ya kazi. Viatu vya nini?"

"Nakwenda Masasi, mke wangu. Leo narudi na kamera."

Mpango wa kamera ulikuwa wa wote wawili. Likizo ya Juni ni msimu wa jando na unyago. Kila upande ngoma inalia. Wazazi wanataka picha nzuri za watoto wao, za kutundika ukutani. Yeremia na Justina walikuwa wameweka pembeni pesa ya korosho kwa ajili ya kazi hiyo. Na kazi ya kwanza walikwisha kuipata. Rose, mtoto wa Dominika, alikuwa ndani anafundwa. Jumamosi angetolewa. Dominika ni dada yake Yeremia, tumbo moja. Kwa hiyo Yeremia ni mjomba wa mwali.

Dominika mwenyewe alipochezwa unyago, hakupigwa picha hata moja. Alikuwa akisema, "Sura yangu ya siku ile imepotea. Ya mwanangu nataka niitazame mpaka nizeeke."

Justina aliweka kisu chini. "Pita kwanza kwa Mama Elineema umuulize. Yeye anajua mambo ya kamera."

Mama Elineema ni Mwalimu Evelina, jirani yao. Alitoka Upareni kuja kufundisha. Kwenye mahafali ya shule, yeye ndiye anayepiga picha.

Yeremia akacheka. "Mimi mwanamume mzima nikaulize mashine kwa mwanamke? Kamera nzuri inajulikana kwa macho."

Akaondoka zake.

Masasi aliingia katika duka la Mujibu. Mujibu akamwekea kamera mbili mezani.

"Unataka kupiga nini, kaka?"

"Picha," alijibu Yeremia.

Mujibu akatabasamu. "Haya. Hii ndogo inaingia mfukoni. Lenzi yake haitoki, lakini inavuta mbali sana. Hii kubwa wanaiita DSLR. Ni ya mtu anayeanza kujifunza kazi. Inabadilishwa lenzi. Lakini hii lenzi iliyokuja nayo ni fupi. Ya kuvuta mbali inauzwa peke yake."

Yeremia hakuwa anasikiliza. Alikwisha kuivaa ile kubwa shingoni. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha kabati. Akaona mtu wa maana.

"Hii," akasema. "Hiyo nyingine kama kipande cha sabuni. Nani ataniheshimu nayo?"

"Hujaijaribu, kaka."

"Funga tu."

Mkunya alishuka na kamera kifuani. Watu wakamzunguka pale kituoni. Rafiki yake Alfredi akataka kuona. Yeremia akaing'oa lenzi mbele yao, barabarani, upepo unavuma, vumbi jekundu linaruka.

"Alaa! Kumbe inanyofoka kichwa!" Alfredi alishangaa.

"Ndiyo kamera za wakubwa," alisema Yeremia.

Jumamosi ikafika. Katika ukoo wao, mwali akitolewa hutembea katikati ya wanawake mpaka kwenye mkeka. Wanaume hukaa mbali, ng'ambo ya uwanja. Mwanamume mmoja tu husimama mkekani. Huyo ni mjomba, na mwavuli mpya. Mwali akifika, mjomba humfunika kwa mwavuli, na watu wote hujua kwamba mtoto yule ana mtu wa kumsimamia.

Yeremia alisimama mkekani na mwavuli wake. Ngoma zikalia. Rose akatokea katikati ya wanawake. Yeremia akamwita Alfredi kutoka kwa wanaume, akampa mwavuli.

"Nishikie kidogo."

Akainua kamera. Rose alikuwa mbali, mdogo kama kifaranga. Akazungusha lenzi ivute. Ikavuta kidogo, ikafika mwisho. Akasogea mbele. Bado mdogo. Akasogea tena. Sasa alikuwa anaona migongo ya wanawake tu. Akaingia katikati yao.

Kungwi, Bi Mwanne, akamzuia. "Mjomba, rudi mahali pako."

"Napiga picha tu, mama."

"Nimekwambia rudi."

Yeremia akapenya pembeni. Hapo ngoma zikanyamaza. Kisha mwanamke mmoja akaanzisha wimbo, na wote wakaitikia:

"Jicho la chupa, latafuta nini?
Jicho la chupa, kwa wanawake!
Mjomba wa nani kaacha mwavuli?
Jicho la chupa, kwa wanawake!"

Walimsukuma nje kwa viuno na vicheko. Kofia yake ikaanguka. Wakwe zake walikuwa wanatazama.

Na wakati ule ule Rose alifika mkekani. Alisimama juani, macho chini kama alivyofundishwa. Hapakuwa na mjomba. Alfredi aliushika mwavuli ule, lakini aliogopa kuufungua, maana yeye si wa ukoo. Dominika akavua khanga yake ya juu, akamfunika mwanawe mwenyewe.

Mchana Dominika alikuja kutazama picha. Ilikuwepo migongo. Vilikuwepo vilemba. Nyingine zilikuwa na madoa meusi.

"Rose wangu yuko wapi?"

"Huyu hapa, dada. Nyuma ya huyu mwenye kilemba."

Dominika alitazama muda mrefu. Akamrudishia kamera.

"Mwavuli ulimpa nani, kaka?"

Dominika akaondoka bila kuaga.

Tangu siku ile, Yeremia alikwenda shambani kwa njia ya nyuma ya nyumba. Watoto wakimwona walijificha kwenye mikorosho na kuimba, "Jicho la chupaa!" Kanisani alikaa benchi la mwisho. Kamera aliisukumia uvunguni mwa kitanda, asiione. Mtu akishikwa na aibu, hata ugali wake mwenyewe humtazama.

Kilichomuuma zaidi ni kitu kimoja. Mwali akishatoka, huzunguka kuwasalimia ndugu. Nyumba ya mjomba ndiyo ya kwanza kwa heshima. Jumamosi iliyofuata Rose angepaswa kuja. Yeremia alimtuma mke wake kuuliza.

"Dada yako amesema ataona," Justina alirudi na jibu.

"Ataona nini?"

"Sijui. Amesema ataona." Justina akakaa karibu yake. "Baba Oscar, wasipokuja, ukoo mzima utasema Rose hana mjomba. Kulala hapa hakusaidii. Inuka twende kwa Mama Elineema."

Yeremia aliiweka kamera ndani ya kiroba. Juu yake akaweka majani ya kisamvu, watu wasiione.

"Hodi!"

"Karibuni. Ooh, mmeniletea mboga!" Mama Elineema alifurahi.

Yeremia akatoa kamera, uso chini. "Shikamoo, Mwalimu. Ni hii. Nadhani umesikia wimbo."

"Marahaba. Nimeusikia. Wanafunzi wangu wanauimba vizuri kuliko nyimbo ninazowafundisha." Aliona Yeremia anakunja uso, akaacha mzaha. "Lete niione."

Akaitazama kwa mwanga wa dirishani. "Uliifungua wapi?"

"Barabarani. Nilikuwa nawaonyesha watu."

"Ndiyo maana ya madoa. Humo ndani mna kioo kinachopokea picha. Vumbi likigusa kioo hicho, kila picha inapata doa. Lenzi hubadilishwa ndani ya nyumba, mahali pasipo na upepo."

Alichukua kipira cha kupulizia, akapuliza ndani taratibu.

"Basi kamera hii ni mbaya?" Justina aliuliza.

"Hapana, Mama Oscar. Ni nzuri sana. Kile kioo chake ni kikubwa, kwa hiyo hata kwenye mwanga hafifu inaona. Mtu akicheza ngoma haraka, inamdaka. Ningekuwa napiga harusi ukumbini, ningeichagua hii. Lakini inataka mtu aliyejifunza. Inataka lenzi nyingine ya kuvuta mbali, na hiyo ni gharama mpya. Ni nzito, na vumbi letu hili ni adui yake."

"Na ile ndogo ya dukani, ya lenzi isiyotoka na inayovuta mbali?" Yeremia alisema kwa sauti ya chini.

"Ile kioo chake ni kidogo. Ndani ya nyumba yenye giza itakusumbua, picha zitatoka na chengachenga. Lakini juani inapiga vizuri. Haifunguki, kwa hiyo vumbi haliingii kwa urahisi. Tena inavuta mbali bila wewe kusogea."

"Si tungetumia simu tu?" Justina aliuliza.

"Simu kwa picha ya karibu ni nzuri. Ukiivuta mbali, picha inachakaa. Ukiisafisha kubwa ya ukutani, sura huijui."

Mama Elineema akaiweka kamera mezani. "Baba Oscar, kabla ya kuuliza ipi nzuri, mtu hujiuliza mambo ya kwake. Nitapiga nini? Palipo na mwanga au giza? Nitasimama karibu au mbali? Na nani ataishika?"

Swali la mwisho Yeremia hakuwahi kuliwaza.

Justina akakohoa. "Kwenye unyago, mwanamume hawezi kuwa katikati ya wanawake. Mimi naweza."

"Na mimi ningekuwa na mwavuli wangu," Yeremia alisema. Macho yakamjaa machozi. "Nilijinunulia heshima, Mwalimu. Sikununua kamera."

Kesho yake walikwenda Masasi wote wawili. Mujibu alikubali kubadilisha, ila alikata kiasi kwa ajili ya vumbi lililoingia. Yeremia hakubisha.

"Ulinieleza, ndugu yangu. Mimi ndiye sikusikia."

"Safari hii jaribuni kwanza," Mujibu alisema.

Justina aliichukua ile ndogo. Alisimama mlangoni, akavuta. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mama anayeuza ndizi. Ikatokea mpaka hereni yake. Justina akacheka peke yake. Pesa iliyobaki walinunulia betri ya akiba, kadi ya kuhifadhia picha, na mfuko wa kamera.

Siku zilizobaki Justina alijifunza. Aliwapiga picha kuku. Alipiga makopa. Alimpiga picha Mama Elineema, naye akamwelekeza: "Jua likae mgongoni kwako. Likiwa kali, mhamishe mtu kivulini. Bonyeza nusu kwanza, ngoja ishike sura, halafu malizia."

Jumamosi ikaja. Yeremia alitandika mkeka uani tangu asubuhi. Akakaa na mwavuli mapajani. Jua likapanda. Njia ilikuwa tupu. 

Halafu vigelegele vikasikika kwa mbali. Wanawake walikuwa wanakuja, na wimbo wao ulikuwa ule ule:

"Mjomba wa nani kaacha mwavuli?"

Yeremia alitamani ardhi ipasuke. Lakini alisimama. Akaufungua mwavuli.

Wimbo ukapungua. Rose alipita katikati ya wanawake, akapiga magoti mkekani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Akainama, akamfunika.

Bi Mwanne akapiga kigelegele. Justina alikuwa hapo hapo, bega kwa bega na wanawake. Kamera ilijaa kiganjani mwake. Hakuna aliyemsukuma, na wengine hawakumwona hata alipobonyeza.

Picha ilisafishwa Newala, kubwa. Walioiona waliuliza mpigaji ni nani. Mwezi ule Justina aliitwa mpaka Chilangala. Yeremia humpeleka kwa baiskeli, kisha hukaa ng'ambo ya uwanja na wanaume wenzake akimngoja.

Leo picha ile imetundikwa ukutani kwa Dominika. Rose anaonekana vizuri, mpaka shanga za shingoni. Juu yake upo mwavuli, na pembeni amesimama Yeremia, macho yameganda kwenye vidole vya miguu yake.

Siku ya kwanza kuitundika, Dominika aliitazama muda mrefu, kama alivyotazama zile nyingine. Yeremia akangoja nyuma yake.

"Kaka."

"Naam, dada."

"Umeinamisha uso hivi, mgeni akija atauliza mwali ni yupi."

Akacheka, akamvutia kiti akae.