Diski Isiyofunguliwa

Kila Ijumaa akitoka shule, Mbishi alipitia kwenye karakana ya mama yake. Hilo si jina alilozaliwa nalo. Mjomba wake ndiye aliyembandika, na kusema kweli lilimkaa barabara.

Karakana ile ilitengeneza miguu ya bandia. Mama alipima, akachonga na kulainisha. Mjomba alitunza vipimo vya wateja kwenye kompyuta. Mbishi naye alichomeka diski ndogo, akabonyeza "Nakili", akasubiri mpaka kompyuta iandike "Imekamilika". Kisha alimwambia mama, "Iko salama," na diski ikaenda kulala nyumbani. Karakana ikipatwa na balaa, vipimo visipotee.

Ijumaa moja aliichomoa diski, akakunja mikono kifuani.

"Mbona kimya?" mama akauliza. "Iko salama?"

"Sisemi."

"Husemi nini tena?"

"Sisemi iko salama. Sijawahi kuona kilichomo ndani. Mjomba, wewe umewahi kuifungua?"

Mjomba akaangua kicheko. "Haya, kaanza! Kompyuta yenyewe imesema imekamilika. Sasa unabishana mpaka na mashine?"

"Ndiyo, nabishana nayo. Umewahi kuifungua au hujawahi?"

"We mtoto, chunga mdomo!" mama akafoka. "Huyo ni rika lako? Muombe radhi!"

Mbishi aliona haya, maana mjomba alimpenda na yeye alimpenda mjomba. "Nisamehe, mjomba. Nimekukosea adabu. Lakini bado sisemi."

Kwenye benchi alikaa Kasi, rafiki yake wa dawati moja, ambaye hakuna aliyemshinda kwa kutembea haraka. Siku hizi alichechemea. Alikuwa amerefuka, mguu wake wa bandia ukawa mfupi, na wiki hiyo ndiyo aliyopimwa upya.

"Si mtafute vipimo vyangu humo?" Kasi akasema. "Vikiwepo, Mbishi atanyamaza."

"Huyu? Anyamaze?" Mjomba akaichukua diski, akaichomeka kwenye kompyuta ya pili. "Leo utaumbuka, mpwa wangu."

Akatafuta. Akatafuta tena. Vipimo vipya vya Kasi havikuwemo. Wateja wote wa mwaka ule hawakuwemo!

"Lahaula!" Mjomba akashika kichwa. "Tulipobadili programu nilihamishia vipimo kwenye folda mpya. Diski imeendelea kunakili ile ya zamani. Mwaka mzima nimekuwa nikijidanganya!"

Hakuna aliyemcheka. Alirekebisha mpangilio, wakanakili upya, na safari hii Mbishi mwenyewe akaifungua diski kwenye kompyuta ya pili. Jina la Kasi likatokea, na vipimo vyake vipya chini yake.

"Sasa nasema," Mbishi akatamka kwa sauti. "Iko salama."

Jumatatu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta kubwa, ile yenye vipimo, ikatoa moshi, ikazimika kabisa. Mama akakaa kwenye benchi. Aliwawaza wateja waliosafiri kutoka mbali, wengine wakivumilia maumivu ili wapimwe. Angewaitaje warudi kuanza upya?

"Dada, tulia," mjomba akasema. "Diski iko nyumbani."

Ikaletwa. Vipimo vyote vikarudi kwenye kompyuta ya pili, hakikukosekana hata kimoja. Siku chache baadaye Kasi alivaa mguu mpya, akazunguka karakana mbio mpaka mama akamkemea asije akaangusha vifaa.

Ijumaa iliyofuata mjomba alinakili mwenyewe. "Iko salama," akatangaza.

Mbishi akamtazama tu.

"Sawa, sawa! Naifungua!" Mjomba akacheka, akaifungua.

Mama akamshika binti yake begani. "Mwanangu, adabu nakudai kila siku, hiyo sikusamehe. Lakini usikubali kusema jambo ni kweli kwa sababu tu wakubwa wamelizoea, au kwa sababu mashine imeandika. Hakikisha kwa macho yako kwanza. Ungesema 'iko salama' ili kutufurahisha, rafiki yako angekuwa bado anachechemea."