Saa Moja, Maun hadi Kasane

Simu ya setilaiti ilikoroma mapajani mwa Kelapile, kachero wa Idara ya Wanyamapori. Akaipokea kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye usukani wa ndege yake ndogo, Cessna 206.

"Huyo rubani wa majangili yuko wapi?" Alikuwa Rra Phuthego, yaani Bwana Phuthego, mkuu wake.

"Mbele yangu, rra. Dakika kumi na tano."

"Na Oarabile?"

"Alikuwa hai wakimpakia."

Oarabile alikuwa mwenzake, aliyepenyezwa kwa majangili. Walimgundua asubuhi ile. Kelapile alimwona akirushwa ndegeni juu ya magunia ya pembe za faru, yeye mwenyewe akiwa ng'ambo ya uwanja wa Maun, risasi za Glock yake hazifiki. Wakimvusha mpaka, basi tena.

Maun hadi Kasane ni kilomita mia tatu kasoro. Saa moja angani. Wanajeshi walishajibanza Kasane, kituo alichokitaja rubani akiruka.

Kelapile akaita redioni: "Mnara wa Kasane, amejitambulisha?"

"Bado, mma. Kwa muda aliokwisha kuruka, tungeshamsikia. Labda kasimama kula maandazi ya magwinya."

Hakucheka. Wale hawakuwa wanakwenda Kasane. Walikuwa wamekata kona.

Lakini wapi? Kando ya mto wa mpakani, viwanja vya vumbi vya kambi za watalii ni vingi. Jeshi lina helikopta moja. Mawingu ya mvua yametanda kila upande.

Alishampoteza.

Ikabaki njia moja, nayo chafu.

Huku hakuna rada. Marubani wa Maun huishi kwa kuambizana redioni: niko hapa, natua pale. Awe mwizi, awe mlevi, hilo hakuna anayelivunja. Wote wameshazika wenzao waliogongana angani.

Akatia mtetemo sautini.

"Yeyote anayenisikia! Nina watalii watano, wingu limenimeza! Niko karibu na mto, futi elfu sita. Kuna mtu?"

Kimya.

"Jamani, kuna mtu?"

Kisha redio ikakwaruza.

"Panda juu, mma! Panda upesi! Niko futi hizo hizo, nashuka kutua Linyanti!"

Nyuma ya rubani huyo mtu alifoka, "Funga domo, mjinga we!"

Kelapile alishanyakua simu. "Linyanti, rra. Helikopta, sasa hivi."

Alipotua Linyanti, majangili walikuwa kifudifudi vumbini mbele ya wanajeshi, magunia yamepasuliwa. Oarabile alikaa chini ya bawa la ndege, jicho limevimba, akinywa maji.

"Umechelewa, dada," alisema. Kelapile nusura alie.

Rubani alikuwa kijana wa Maun, Mothusi, pingu mikononi. Alimwita Kelapile kabla hajampita.

"Mma, wale watalii wamefika salama?"

"Hakukuwa na watalii, rra."

"Sasa kesho mwingine akilia kweli, nani atamwitikia?"

Aibu ilimshika Kelapile, aibu hasa. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akamshika Oarabile mkono, akaenda kwenye ndege bila kugeuka.