Maziwa ya Pétronille

Saa sita ya muchana, pompe ya kusukuma maji imezimwa, kioo kikanyonya.

Kilikuwa kioo kidogo kama kidole gumba, mu labo moja ya utafiti, mutaa wa Bigo. Ndani yake munapita vinjia vyembamba kama unywele, na humo enzimu inashika sukari ndogo, inaiunga na ingine, tena na ingine, mupaka inakuwa ile sukari ndefu ya maziwa ya mama. Watu wa labo walitaka kusaidia watoto yatima. Kazi nzuri. Godelive ndiye alikichunga.

"Vital, unasikia?"

"Nisikie nini?" Mwenzake akacheka. "Weye ulale kidogo, mama ya kioo!"

Lakini Godelive alijua sababu.

Juma lililopita, jirani yake wa Nyakasanza, Pétronille, alizika mutoto wa siku tisa. Kwao maziwa ya mufiwa yanakamuliwa, yanamwagwa ku kaburi, mutoto aende ameshiba. Pétronille aliungua na homa. "Dada, unipelekee. Ni weye tu ninatumainia." Godelive akapokea chupa. Lakini labo ilikosa maziwa ya mama, ya kulinganisha na sukari yao. Akasema moyoni: si maziwa tu? Akaanza kuyapitisha mu kioo.

Siku ya pili ya ile sauti ikaja harufu ya maziwa yaliyochacha. Siku ya tatu mulango wazi, jua kali, redio ya jirani inaimba, na bado ile sauti ikatoka mu kioo, nyo, nyo, nyo, kwanza polepole kama mutoto aliyepata titi, kisha haraka, kisha kwa hasira, mupaka matone yakarudi nyuma mu vinjia, yakipanda yenyewe, na juu ya kioo, pasipo mutu, pumzi ndogo ikaacha ukungu.

Vital mwenyewe akakimbia kumwita Muzee Abdoul, musomeaji wa majini. Muzee akasoma, akasoma, akafunga kitabu.

"Binti yangu," akanong'ona, "jini ingekuwa imeshatoka. Huyu iko na njaa. Nani alikula chakula yake?"

Godelive akalia, akasema yote. Akabeba chupa mbio ku makaburi, akamwaga. Ilikuwa nusu. Nusu ingine kioo kilishakula.

Labo ikatulia. Jioni akapita kwa Pétronille.

"Ulimufikishia, dada?"

"Nilimufikishia."

"Yote?"

Godelive akatazama chini. "Yote."

"Mungu akubariki." Pétronille akamushika mikono, akaibusu.

Hapo blauzi ya Godelive, ambaye hajazaa hata siku moja, ikaloa maziwa kifuani. Kitu kisichoonekana kikashika titi, taratibu.

Nyo. Nyo.