Kinuyo na Kopo la Pilipili

Mwezi wa sita ukifika, kijijini kwetu hakuna mtu anayesema ukweli. Ni mwezi wa kuchuma machipukizi ya mianzi mlimani, mboga tunayoipenda kuliko zote. Kila mtu ana kichaka chake, na hamwonyeshi yeyote. Ukimuuliza jirani amechuma wapi, atakuuliza habari za mgongo wako.

Bibi Kinuyo alikuwa hodari wa mchezo huo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa. Aliishi na Satsuki, mke wa mwanawe. Kila asubuhi alielekea mtoni ili watu wamwone. Kisha alizunguka nyuma ya mashamba ya mpunga, akapanda mlima. Kiunoni alifunga kengele ya kuwashtua dubu, na mkononi alishika mundu.

Siku moja alirudi mapema, kikapu kitupu. Alikaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Mama, kuna nini?" Satsuki aliuliza.

"Nilikuwa nimeinama nachuma. Nikasikia mianzi inavunjika. Nikajua ni jirani yetu Tsuneko, amekuja kuniibia. Nikasema, 'Toka, mwizi wee!' Kweli akatoka. Dubu!"

"Akakufanya nini?"

"Alinitazama tu, akaenda zake. Mundu ninao mkononi, nimeusahau kabisa."

"Na kengele? Hakuisikia?"

Satsuki aliichukua kengele, akaitikisa. Haikulia. Ndani yake mlikuwa na kitambaa kilichosindiliwa.

"Umeiziba mwenyewe, Mama?"

"Ikilia, Tsuneko atajua niko wapi."

Satsuki alikasirika mpaka akalia. "Tukuzike kwa ajili ya machipukizi? Basi, mlimani huendi tena!"

"Nikikaa hapa kutazama ukuta, nitakufa mapema zaidi," alisema Kinuyo. Naye hakuwa anatania. Tangu mumewe afariki, mlima ndio uliokuwa ukimtoa kitandani.

Kesho yake Satsuki alimwita Bwana Yaegashi. Huyu ni mwindaji, na alifanya kazi ya misitu miaka mingi. Alikaribishwa chai na figili zilizochachushwa.

"Nitafutie bunduki kama yako," Kinuyo alimwambia.

"Dada Kinuyo, bunduki ina kibali na mitihani. Na mimi mwenye bunduki, ndani ya mianzi simwoni dubu mpaka yuko puani. Nikimjeruhi tu, nimemwongezea hasira."

"Basi mundu unatosha."

"Mundu ukimfikia yeye, yeye ameshakufikia wewe."

Yaegashi aliweka kopo jekundu mezani. "Hii ni pilipili kali ya kupuliza. Ni ya dubu hasa, siyo vile vikopo vidogo vya kufukuzia wezi. Inamchoma macho na pua, na hewa inamwishia. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi kabla ya kununua."

Kinuyo alilitia kopo ndani ya begi, akalifunga. Mara Yaegashi aliruka. "Dubu!" alipiga kelele.

Kinuyo alihangaika na kamba za begi. Chai ilimwagika.

"Umeshaliwa," alisema Yaegashi. "Kopo linakaa kiunoni, mkono unapolifikia. Toa kizuizi hiki. Msubiri afike hatua tano au sita. Lenga uso, bonyeza. Upepo ukikupiga usoni, jisogeze upande kama unaweza."

Walifanya mazoezi uani kwa kopo lenye maji. Satsuki ndiye aliyekuwa dubu. Alilowa nguo zote.

"Lakini kopo ni la mwisho," Yaegashi aliendelea. "La kwanza, dubu ajue unakuja. Kengele ilie. Ongea. Ukiona kinyesi kibichi au machipukizi yaliyotafunwa, geuka. Ukimwona, usikimbie. Rudi nyuma polepole, unamtazama. Akikuangusha, lala kifudifudi, funga mikono nyuma ya shingo. Na usiende peke yako."

"Niende na nani?"

"Na mtu anayeujua mlima kama wewe."

Wote watatu walijua ni nani. Kinuyo alikaa siku tatu bila kupanda mlima. Siku ya nne alikwenda kwa Tsuneko.

"Kichaka changu kiko juu ya mwamba uliopasuka," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Tsuneko alicheka mpaka akakaa chini. "Nakijua miaka kumi na miwili, mwenzangu! Sijagusa hata chipukizi moja."

Kinuyo aliona aibu sana.

Wakaanza kupanda pamoja, kopo la pilipili kiunoni mwa Kinuyo, kengele zikilia, wakibishana kwa sauti. Siku ya kumi, dubu jike alitokea kichakani. Nyuma yake alikuwapo mtoto.

"Usikimbie," Kinuyo alinong'ona. Walirudi nyuma hatua kwa hatua. Dubu alinguruma, kisha akaja mbio. Kinuyo alitoa kizuizi. Alisubiri. Hatua sita. Akabonyeza.

Wingu jekundu lilimpiga dubu usoni. Alikohoa, akageuka, akatokomea na mwanawe. Akina mama nao walikohoa na kulia machozi. Walishuka mlima wameshikana mikono.

Satsuki aliwaosha macho kwa maji mengi. Alimkumbatia mama mkwe wake.

Jioni ile Kinuyo alikwenda kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Alichora njia, mwamba na kichaka alichokificha miaka arobaini. Kila mtu aliona. Chini yake aliandika: "Hapa kuna dubu mwenye mtoto. Msiende. Mimi Kinuyo nimemwona."

Msimu ule hakuna mtu wa kijiji chetu aliyejeruhiwa na dubu.