Mume Wangu Alimnyang'anya Baba Gari Lake la 1935

"Baba! Baba, unafanya nini hapo chini?!"



Alikuwa ameketi kwenye simiti tupu ya banda la gari, kofia kichwani, mikono yote miwili mbele kama ameshika usukani. Anatazama ukuta wa mabati kama anaona barabara.

Gari halikuwepo!

Jamani!

"Baba, gari liko wapi?"

Akaniangalia kama mtu asiyenijua kabisa. "Dada, sogea. Unanizibia njia."

Dada! Mimi, mtoto wake wa pekee!

Wacha niwaeleze vizuri, ndio mjue kwa nini niliumia vile.

Naitwa Truphena. Nashona nguo soko la Jericho, hapa Nairobi. Baba yangu, Mzee Owino, alikuwa fundi wa reli. Kabla sijazaliwa alinunua Riley, gari la Kiingereza la mwaka wa 1935, kutoka kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa skrepa, watu wakamcheka. Akaitengeneza mwenyewe, akaenda nayo Siaya kumchukua mama awe mke wake.

Mama alipofariki, akili ya baba ikaanza kupotea polepole. Alisahau kama amekula. Alisahau jina langu. Lakini ukimweka ndani ya lile gari, pale kwenye banda nyuma ya nyumba... maajabu!

"Truphy, nyathina, ingia twende. Mama yako anatungoja Siaya."

Nyathina, yaani mtoto wangu. Nilikuwa naingia. Tunaendesha bila kwenda popote, ananihadithia mambo ya mama, anacheka. Akishuka anakula vizuri, analala. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yetu.

Mume wangu Wahome hakuona dawa. Aliona bei.

Kila jioni alikuwa kwenye simu akitazama minada ya ng'ambo.

"Truphy, unajua gari za kabla ya vita vya Hitler zimebaki ngapi? Chache sana! Matajiri wananunua na kuweka, vile sisi tunanunua ploti. Hiyo kitu ikiuzwa tunanunua nyumba mtaa wa Donholm, lakini imekaa tu inakula vumbi!"

"Wahome, baba yangu anakaa ndani ya hiyo kitu."

"Baba yako hata hajui huu ni mwaka gani!"

Nilimkataza. Nikamkataza tena. Akanyamaza, nikadhani yameisha.

Kumbe alikuwa anangoja nitoke niende sokoni!

Jirani yetu, Mama Wacera, ndiye aliyeona lori likivuta gari, Wahome akiwa ndani ya lori, baba akilifuata na viatu vya ndani mpaka barabarani. Ndiye aliyemrudisha.

Nikampigia Wahome.

"Tulia, babe. Nimeipeleka ipigwe rangi. Ikiuzwa utanishukuru."

"Umeiba gari la baba yangu!"

"Nimeiba? Si mimi ni mume wako?"

Akakata. Simu ikazimwa. Nyumbani hakurudi.

Kila asubuhi baba alienda kukaa kwenye ile simiti. Nikimletea kiti, anakisukuma. Nikimletea uji, unapoa. Alianza kukonda mbele ya macho yangu.

Nilizunguka gereji zote za Jogoo Road nikiuliza. Mwishowe nikaelekezwa Makadara, kwa mtu anaitwa Gedi, anayewatafutia wageni magari ya zamani.

Riley ya baba ilikuwa hapo. Nyekundu! Inang'aa kama lipstiki. Viti vipya, taa mpya, kila kitu kipya.

"Dada, mume wako ameniletea nimuuzie," Gedi akasema. "Lakini hakuna anayeitaka."

"Kwa nini? Si alisema wananunua kama ploti?"

Gedi akatikisa kichwa. "Waliokuwa wanapenda gari za kabla ya vita ni wazee. Wanakufa mmoja mmoja. Vijana wenye pesa siku hizi wanataka gari walizoziona wakiwa watoto. Bei za hizi za kale zinashuka, isipokuwa zile adimu ambazo hazijaguswa. Rangi ya kwanza, ngozi ya kwanza, hata kama imepasuka. Hii ilikuwa mojawapo."

Ilikuwa...

Nikamwomba nimlete baba alione tu. Akakubali.

Baba akaingia polepole. Akapapasa usukani. Akanusa kiti. Nikangoja aniite Truphy.

"Hili si langu," akasema. "Langu lina harufu ya min Truphena."

Min Truphena. Mama yangu.

Akashuka mwenyewe, akaniuliza, "Dada, nani atanipeleka nyumbani?"

Nililia mbele ya mafundi wote. Gedi akanivuta kando, naye macho mekundu.

"Dada, kuna kitu lazima ujue. Mwaka jana nilimleta mnunuzi kwenu ukiwa kazini. Mzee wa ng'ambo, mpenzi wa Riley. Alimkuta baba yako ndani, akasimama pale akimtazama. Akamwambia mume wako, nanunua, lakini msiliguse. Na libaki na huyu mzee mpaka siku zake ziishe. Nitangoja."

"Wahome alisema nini?"

"Alisema hatangoja, akilipaka rangi mpya ataliuza kwingine haraka."



Wahome alirudi mara tu Gedi alipomwambia hakuna mteja. Akasimama mlangoni, amenyoa vizuri, macho chini.

"Truphy, nisamehe. Tutairudisha gari kwa mzee."

"Ulijua yule mtu angengoja?"

Akainua mguu aingie ndani.

"Wahome! Ulijua?"

"Nilijua. Nilidhani mzee ataishi sana."

Nikafunga mlango.

Baba hakuumaliza mwaka. Tulimzika Siaya, kando ya mama. Siku ya mwisho alinishukuru kwa uji, akaniita "sista", akifikiri mimi ni muuguzi.

Rafiki zangu mnaosoma hapa, sikatai mtu kutafuta maisha. Lakini ukianza kuhesabu thamani ya kitu, angalia kwanza ni nani aliyekaa ndani yake. Na kama kuna mtu anakuambia mzazi wako hajui tena chochote, usimwachie funguo za nyumba!

Wahome bado ananitumia ujumbe. Anasema kila ndoa ina makosa.

Wewe ungekuwa mimi, ungemfungulia?